Namna ya Kumtafuta Muuguzi Katika Nyaraka za Afya

Mtafiti wa shahada ya uzamivu anayeandika historia ya uuguzi hukutana mapema na tatizo moja: nyaraka zimejaa maneno ya madaktari, mawaziri na wafadhili, ilhali muuguzi aliyekesha na mgonjwa hutajwa kwa idadi tu. Kwa sababu hiyo, usianze na wasifu wa mtu mashuhuri. Florence Nightingale, ambaye shule yake ya uuguzi ilifunguliwa London mwaka 1860, ameandikwa sana. Anza na swali la mamlaka: nani alipanga zamu, nani alilipwa kiasi gani, na nani hakuruhusiwa kusema?

Ukishalipata swali, tafuta makaratasi ambayo wengine huyapita. Daftari la zamu la wodi moja, likisomwa taratibu, hufichua mengi. Tazama jina lipi limeandikwa kamili na lipi limekatwa, mwandiko unabadilika saa ngapi, na usiku walibaki wauguzi wangapi kwa vitanda vingapi. Kisha lilinganishe na orodha ya mishahara na kanuni za ajira, hasa vifungu vinavyohusu ndoa, maana katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, kuna wakati muuguzi aliyeolewa alilazimika kuacha kazi. Jina linalotoweka ghafla daftarini huenda si la aliyefariki wala aliyehama, bali la aliyeolewa. Kwangu mimi, mstari huo mtupu una uzito kuliko hotuba nyingi kuhusu usawa.

Kutoka wodini, fuata uzi huo hadi kwenye siasa za kimataifa. Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliasisiwa mwaka 1899, karibu nusu karne kabla ya Shirika la Afya Duniani kuanza kazi mwaka 1948. Kwa hiyo wauguzi hawakuwa wageni katika uwanja huo. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 28, takriban asilimia 90 wakiwa wanawake. Hata hivyo, shirika halikuongozwa na mwanamke hadi mwaka 1998, aliposhika wadhifa huo Gro Harlem Brundtland, naye alikuwa daktari. Hapa tahadhari inahitajika: jinsia na taaluma ni mambo mawili, na tasnifu inayoyachanganya itashindwa kueleza kwa nini kupanda kwa mwanamke hakukumpandisha muuguzi.

Wauguzi wastaafu wahoji baada ya kupata kibali cha maadili. Usimuulize msimulizi kama alibaguliwa. Mwombe akusimulie zamu moja ya usiku, tangu kukabidhiwa wodi hadi kuikabidhi, kisha nyamaza usikilize. Mrudishie maandishi ya mahojiano ayapitie kabla hujayanukuu, na umuulize kuhusu jina lake: wapo watakaoomba lifichwe, na wapo watakaotaka liandikwe kamili, kama lilivyo kwenye cheti chao.