Kugandisha maziwa lala nyumbani: chemsha kwanza, ndipo upande mbegu

Nauza maziwa lala, au mala, hapa Kawangware, Nairobi, na wateja huniuliza: "Mama, si yataganda tu yenyewe? Ya nini kuyachemsha?" Yataganda, kweli. Lakini hutajua ni bakteria gani waliyagandisha.

Hatua ya 1. Osha sufuria na mfuniko wake. Jerikani ya plastiki iliyokwaruzika ndani iache; bakteria hujificha kwenye mikwaruzo na sabuni haiwafikii.

Hatua ya 2. Chemsha lita 2 za maziwa mabichi. Yakifura, punguza moto uyaache yatokote dakika chache ukikoroga. Hapa ndipo wanapokufa bakteria wa brusela, wa kifua kikuu cha ng'ombe na salmonela. Usiiruke hatua hii ukidhani uchachu utawamaliza. Brusela huweza kuishi hata ndani ya maziwa yaliyoganda. Na ikikushika, ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma kwa wiki nyingi, huku ukidhani ni malaria.

Hatua ya 3. Poza. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono: likichoma, subiri, maana joto hilo litaua mbegu.

Hatua ya 4. Tia vijiko 4 vya mala ya jana isiyo na sukari. Hiyo ndiyo mbegu. Bakteria wake hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo hugandisha protini na kuwazuia wengi wanaoozesha. Koroga, funika.

Hatua ya 5. Acha saa 12 hadi 24. Baridi ya Julai ya Nairobi huwachelewesha bakteria wa mbegu, kwa hiyo funga sufuria kwa blanketi.

Hatua ya 6. Kagua. Mala nzuri ukiichota, kijiko huacha shimo lenye kingo laini, na harufu yake ni kali lakini safi. Ukiona mapovu na matundu, utelezi kama kamasi au madoa ya waridi, mwaga bila kuonja.

Yasipoganda kabisa, huenda ng'ombe alichomwa dawa ya ugonjwa wa kiwele. Penisilini ikibaki kwenye maziwa huua mbegu yako, na kuchemsha hakuiondoi. Nilimwaga lita 20 hivyo. Aliyeniletea alikiri baadaye kwamba ng'ombe alidungwa sindano juzi yake. Siku hizi, kabla ya bei, nauliza ng'ombe alitibiwa lini.