Mzee anasahau: jinsi ninavyompima asiyejua kusoma

Kabla ya yote, mpe shikamoo, kaa mbele yake, hakikisha anakusikia. Niliwahi kumwandika bibi mmoja kuwa "anasahau", kumbe masikio yamejaa nta.

Hatua ya 1: Imeanza lini?
Wakikuambia "tangu juzi", usiwaze demensia kwanza, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na akili polepole. Huko ni kuchanganyikiwa kwa ghafla: malaria, UTI, nimonia, sukari kushuka, dawa. Mwombe ataje siku za wiki kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Aliyechanganyikiwa hupotelea Ijumaa, akaanza kuangalia dirishani. Asubuhi afadhali, usiku balaa. Huyo atibiwe leo, kumbukumbu utaipima akishapona.

Hatua ya 2: Ongea na anayeishi naye
Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Usiulize "anasahau?" Utajibiwa "ni uzee tu, daktari." Uliza kazi zake. Binti wa mama muuza dagaa pale Kirumba, Mwanza, aliniapia mama hana shida. Nikauliza, hela nani anashika? Akainama. "Siku hizi mimi. Alipewa elfu tano, akarudisha chenji ya elfu kumi." Tangu lini? "Mwaka juzi." Basi, nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya 3: Pima
Vipimo vingi vya kumbukumbu humtaka mtu achore saa; kumwambia hivyo ambaye hajawahi kushika kalamu ni kumwonea. Mimi natumia IDEA, kipimo kilichotengenezwa hapahapa Tanzania, wilayani Hai. Anakumbuka maneno 10, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano wako. Jumla ni alama 15. Akipata 7 au chini, demensia inawezekana sana. Anayeongea Kisukuma apimwe kwa Kisukuma, na mjukuu anayetafsiri asimdokezee!

Hatua ya 4: Tafuta linalotibika
VVU, kaswende, tezi ya shingo, vitamini B12, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, sonona. Mwambie aje na mfuko wa dawa zote. Piritoni ya kutafutia usingizi pekee inaweza kumvuruga mzee.

Hatua ya 5: Taja ugonjwa
Huku Usukumani, bibi anayezurura usiku akiongea peke yake anaweza kuitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa tuhuma hizo. Kwa hiyo, akiridhia, naita familia nzima, watoto wa kiume wakiwemo, naeleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kisha nauandika kwenye daftari lake kwa Kiswahili.