Kuandika Maisha Yako Bila Kuyatia Chumvi: Mwongozo kwa Mwandishi wa Kigoma

Mtu wa Kigoma anayeketi kuandika habari zake mwenyewe hukuta wengine wamekwisha kumtangulia. Ziwa Tanganyika limeandikwa na wasafiri, wanasayansi na watangazaji wa utalii, na kila mmoja ameacha sentensi zilizo tayari kutumiwa: ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, la pili kwa kina, lenye mita zipatazo 1,470, lenye machweo yasiyo na mfano. Hakuna haja ya kubishana na sentensi hizo, lakini hazimhitaji mtu aliyelelewa Katonga au Mwandiga ili ziandikwe. Mwongozo huu unahusu kinachobaki baada ya kuziondoa, yaani namna ya kuandika jambo ambalo lisingeandikwa kama si wewe, na kuliandika kwa uaminifu.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kushika kalamu, nayo ni kumchagua msomaji. Wengi wetu humwandikia mgeni wa mbali ambaye hawezi kutusahihisha, na kwa sababu hiyo tunajiruhusu mengi. Mchague badala yake mtu mmoja anayelijua jambo lako kuliko unavyolijua wewe. Ikiwa unaandika kuhusu dagaa, basi awe mama anayewaanika mwaloni Kibirizi, na kila sentensi uipime kwa kujiuliza kama angeikubali akisomewa. Mama huyo hatakuruhusu useme kwamba wavuvi huingia ziwani kila usiku, kwa kuwa anajua kwamba mbalamwezi ikikolea taa hazivuti tena dagaa, mitumbwi hukaa nchi kavu, na mfuko wake wa biashara huhisi. Hatakuruhusu pia uandike karabai ikiwa habari yako ni ya miaka hii ya taa za betri na za sola, hata kama karabai inapendeza zaidi katika aya. Uongo wa urembo, ambao ndio uongo wa kawaida wa waandishi wa habari zao wenyewe, hufa mapema mbele ya msomaji wa namna hiyo. Na mgeni wa mbali naye hufaidi si haba, kwani kwa mara ya kwanza anasoma kitu asichoweza kukipata katika kipeperushi cha hoteli.

Jambo la pili ni daftari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia ya Ujiji, mji mkongwe wa hapa Kigoma, inalifundisha jambo hili vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mwezi Julai 1871, David Livingstone, daktari na msafiri wa Kiskoti, alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Alikuwa ameishiwa karatasi, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, kwa wino uliotokana na rangi ya kienyeji. Baadaye aliyanakili mambo yale katika daftari lake kubwa, na baada ya kifo chake mwaka 1873 maandishi yake yalihaririwa na mtu mwingine na kuchapishwa. Yale ya kwanza yalififia hata yasisomeke, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyafufua kwa kuyapiga picha chini ya mwanga wa aina mbalimbali. Ndipo ilipoonekana kwamba nakala safi hailingani na ile ya gazetini, hasa pale palipokuwa na mashaka juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka uleule wa 1871, ametuachia somo jingine. Salamu yake ya kumkisia daktari, "Dkt. Livingstone, nadhani?", imerudiwa dunia nzima, lakini kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano ule zilichanwa, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba maneno hayo aliyatunga baadaye. Huenda basi sentensi mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuhusishwa na mji wetu haikutamkwa kamwe. Inafurahisha, lakini pia inatisha kidogo, kwa maana kila anayeandika maisha yake ana mkono unaotaka kuchana kurasa.

Kwa hiyo tenga daftari la kwanza na maandishi ya mwisho, wala usiruhusu maandishi hayo yalifute daftari. Katika daftari andika siku ileile jambo lilipotokea, kabla hujalisimulia kwa mtu yeyote, kwa kuwa ukishalisimulia mara mbili utakumbuka masimulizi yako badala ya tukio. Andika nani alisema nini na kwa lugha gani, bei iliyotajwa, upepo ulitoka upande gani, nani alikuwa amesimama na nani ameketi. Sifa kama "nzuri" na "ya kusikitisha" ziache kwanza. Ukigundua baada ya miezi kwamba kumbukumbu yako inapingana na daftari, usirekebishe upande wowote kimyakimya. Andika kwamba vinapingana, kwani mara nyingi habari yenyewe imelala hapo.

Ukishakuwa na malighafi hiyo, chambua yale ambayo kila mtu angeweza kuyajua na yale uliyonayo wewe peke yako. Chukua mfano wa kufungwa kwa shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tarehe na sababu zilitangazwa redioni, na ukiziandika kwa kurasa tatu hutakuwa umefanya kazi ya mtangazaji vizuri kuliko yeye. Lakini nyumbani kwenu mboga ilikuwa nini katika miezi ile? Kijana aliyezoea kulala mchana na kufanya kazi usiku alizifanyia nini saa zake? Nani alikopa, na kwa nani, na deni lile lilizungumzwaje ziwa lilipofunguliwa? Majibu ya maswali hayo hayamo katika tangazo lolote. Taarifa ya serikali iweke katika sentensi moja, ili msomaji ajue yuko wapi, kisha kurasa zilizobaki uwape watu wa nyumba yako.

Kuhusu maana, ushauri wangu ni kutoitafuta moja kwa moja. Mwandishi anayeanza na maana huishia kuwatumia watu wake kama ushahidi wa jambo alilokwisha kuliamua. Anza na swali ambalo kweli linakusumbua, kisha ukae nalo muda mrefu kuliko unavyoona ni lazima. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwezi Julai 1960, sokwe walimkimbia, naye alikaa kilimani akiwatazama kwa mbali, siku baada ya siku. Aliwapa majina badala ya namba, jambo lililowakera baadhi ya wasomi wa wakati ule, na mwaka huohuo alimwona mmoja wao akitumia kijiti kuvulia mchwa katika kichuguu. Hakwenda na jibu mkononi. Mwandishi wa mambo ya nyumbani anahitaji subira ya aina hiyo mbele ya baba yake mwenyewe, na pengine ni ngumu zaidi, kwa kuwa baba anadhaniwa kujulikana tayari.

Lugha nayo isisaliti mahali ulipotoka. Ikiwa bibi alisema kwa Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, yaandike maneno yake kwa Kiha kama unayakumbuka barabara, kisha ueleze maana yake. Kama huyakumbuka, simulia alichosema kwa maneno yako, lakini usimtie kinywani Kiswahili cha hotuba ambacho hakuwahi kukizungumza.

Watu wengine walio ndani ya habari yako wana haki zao. Kubadili jina tu hakutoshi katika mji ambamo watu wanajuana kwa nyumba na kwa boti. Msomee mhusika sehemu inayomgusa kabla ya kuitoa hadharani, na akikataa, iache. Picha, namba za simu na habari za ugonjwa wa mtu usizichapishe bila ridhaa yake, ukikumbuka kwamba tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ubaya wako mwenyewe ni ruhusa yako kuutoa. Wa jirani si wako.

Mwisho wa kazi, soma kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu aliyekuwepo. Penye sauti iliyoanza kupanda kama ya mhubiri, kata. Aya ya mwisho iangalie kwa ukali kuliko zote, maana hapo ndipo waandishi wengi huanza kufundisha. Ukiiondoa na habari ikasimama bila hiyo, usiirudishe. Kisha weka tarehe mbili juu ya ukurasa, ya siku jambo lilipotokea na ya siku ulipoliandika, ili msomaji ajue kumbukumbu ilisafiri muda gani.