Mchuzi wa Rais Johnson kwa jiko la Kigoma

Lyndon Johnson, aliyekuwa Rais wa Marekani kati ya mwaka 1963 na 1969, alipenda mno mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa kwao Texas, usiotiwa maharage, na watu walioomba maelekezo yake walikuwa wengi kiasi kwamba mkewe aliyachapisha kwenye kadi.

Nyama hukaangwa pamoja na kitunguu na kitunguu saumu hadi ibadilike rangi, kisha huongezwa nyanya, binzari nyembamba, pilipili ya unga na maji ya moto, ikaachwa itokote taratibu kwa muda wa saa moja. Kadi inataja vijiko sita vya chai vya pilipili kwa takribani kilo mbili za nyama, na hapo ndipo mpishi wa Kigoma anapaswa kusita: unga wa pilipili wa Texas huchanganywa na viungo vingine, ilhali ule tunaopimiwa sokoni ni pilipili tupu. Anza na nusu kijiko, onja, ndipo uongeze.

Mawese yaache kando safari hii (najua si rahisi kwetu), kwa sababu nyama hutoa mafuta yake yenyewe, na kadi yenyewe inaagiza yaenguliwe kadiri yanavyopanda juu. Engua kwa upawa ulioinamishwa ukingoni mwa sufuria, ambako utando wa mafuta hujikusanya. Mimi huula kwa ugali wa muhogo.