Chora nukta kabla ya kukokotoa uhusiano
Kabla ya kukokotoa r, yaani kipimo cha uhusiano baina ya vigeu viwili (mambo mawili yanayopimwa kwa kila mshiriki), chora kwanza grafu ya nukta, kila nukta ikiwa mshiriki mmoja, na uitazame kwa makini. Kipimo hicho hupima uhusiano wa mstari ulionyooka tu: iwapo alama za mtihani hupanda pamoja na wasiwasi hadi kiwango fulani kisha zikaanza kushuka, r inaweza kukaribia 0, kana kwamba hakuna uhusiano, ilhali nukta zenyewe zimejipanga waziwazi kama upinde. Tena mshiriki mmoja aliye mbali na wenzake aweza kuipandisha au kuiangusha namba nzima peke yake. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alionyesha seti 4 za data zenye r ileile ya takriban 0.82, lakini grafu zake hazifanani hata kidogo. Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa saikolojia angepaswa kuzichora kwa mkono wake angalau mara moja. Mbinu hii hukwama pale majibu ya dodoso yanapokuwa ya ngazi 1 hadi 5, kwa kuwa nukta hulaliana na watu 40 wakaonekana kama mmoja. Hapo zisogeze kidogo kwa nasibu kwenye mchoro pekee, bila kugusa data yenyewe.