Kujenga banda la kuku la upinde kwa wavu wa BRC

Wafugaji wadogo wa Marekani wana banda la kuku ambalo watu wawili hulimaliza mwisho wa juma. Huchukua nyavu ngumu za kuzungushia ng'ombe, zenye urefu wa futi 16, huzikunja ziwe upinde, huzibana ndani ya fremu ya mbao na kuzifunika kwa turubai. Wavu wa aina hiyo si rahisi kuupata katika maduka yetu, lakini wavu wa BRC, ambao mafundi huutandika ndani ya zege la sakafu, unafanya kazi ileile, na shiti yake ya mita 4.8 kwa 2.4 inakaribia sana urefu huo wa futi 16.

Nunua shiti bapa, si wavu uliovingirishwa, kwa sababu ule wa kuvingirishwa una mkunjo wake wa zamani na utashindana nawe tangu mwanzo. Aina ya A98, yenye waya wa milimita 5 na matundu ya sentimita 20 kwa 20, inatosha kabisa. A142 ina waya wa milimita 6 na ni imara zaidi, ila kuikunja kunahitaji watu wengi zaidi. BRC haijapakwa zinki, hivyo ipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuikunja, ikiwa bado imelala chini na kila kiungo kinafikika kwa brashi.

Ukiikunja shiti moja kwa urefu wake mpaka miguu ya upinde iachane kwa mita 2.4, kilele kitapanda karibu mita 1.8, na mtu mzima ataingia kuokota mayai bila kuinama sana. Shiti mbili zikifuatana, zikipandana kwa tundu moja, zinatoa banda lenye urefu wa mita 4.6, yaani sakafu ya mita za mraba 11. Kwa kuku wa kienyeji wanaoshinda nje mchana, kuku wanne kwa kila mita ya mraba ni hesabu nzuri, na kwa hiyo hili ni banda la kuku 40 hivi.

Chagua mahali palipoinuka kidogo ili maji ya masika yasipite ndani, na urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ubavu mzima. Panga mstari mmoja wa tofali kuzunguka eneo lote, ukizizika nusu, kisha juu yake laza mbao za inchi mbili kwa nne zilizotiwa dawa ya mchwa, zikisimama kwa ubavu kwenye ukingo wa nje wa tofali. Mbao zikigusa udongo moja kwa moja, mchwa watazimaliza, hata zikiwa na dawa. Nafasi kati ya ubao mrefu wa kushoto na wa kulia, ikipimwa kwa ndani, iwe mita 2.4 kamili, na pima mishazari yote miwili: ikilingana, fremu imekaa mraba.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wavu uliokunjwa hautulii. Ni kama upinde wa mshale, unataka kunyooka, na nguvu yake yote inasukuma mbao ndefu zitoke nje. Pembe zilizopigwa misumari tu zitaachia, na hata pembe zikivumilia, ubao wa mita 4.6 utabinuka katikati. Kwa hiyo pigilia vipande vya nondo nje ya tofali, kila baada ya mita 1.2, viingie ardhini sentimita 60, na ncha ya juu ikunjwe ishike ubao kama kulabu. Nondo hizo zinafanya kazi mbili, maana zinazuia mbao zisitanuke na pia zinazuia upepo usilibebe banda. Turubai juu ya upinde mwepesi ni mwavuli, na sisi tunaoishi ukanda wa pwani tunajua kusi likivuma linafanya nini na miavuli. Ongeza ubao mmoja wa kukingama katikati ya banda, uunganishe pande mbili chini kabisa, pale utakapofunikwa na matandiko.

Kukunja kunahitaji watu wanne wenye glavu. Kwanza kata ncha zote zinazochomoza pembeni kwa mkasi wa nondo, maana ncha hizo ziko sawa na macho. Funga kamba imara kutoka ukingo mmoja wa shiti hadi mwingine, wawili wasukume kingo zikaribiane huku wa tatu akiinua katikati na wa nne akivuta kamba kidogo kidogo, mpaka upana uwe chini ya mita 2.4. Mnyanyue upinde ukiwa bado umefungwa, mwuweke juu ya tofali ndani ya mbao, ndipo mlegeze kamba taratibu. Asiwepo mtoto karibu, na asiachie mtu kabla ya wenzake. Miguu ikishabana, ishike kwenye mbao kwa misumari ya umbo la U, kila waya kwa msumari wake. Fanya hivyo kwa shiti ya pili, kisha fungeni mahali zinapopandana kwa waya mlaini wa kufungia nondo.

Kuta za mbele na nyuma ni fremu nyepesi za mbao zinazosimama kutoka chini hadi kwenye upinde. Mbele acha mlango wa sentimita 70. Kati ya kuta hizo pitisha mti mmoja chini ya kilele na uufunge kwenye wavu, ili kilele kisibonyee na maji yasituame juu ya turubai.

Sasa matundu. Sentimita 20 ni lango kwa nguchiro, kicheche na hata paka. Banda langu la kwanza nililizungushia wavu wa kuku wa kawaida peke yake, ule wa matundu ya pembe sita, nikajiona nimemaliza. Haikufika mwezi, mbwa akauchana usiku mmoja na nikapoteza vifaranga 11. Wavu ule unazuia kuku wasitoke, hauzuii kinachotaka kuingia. Utumie juu tu, chini ya turubai, ambako pia unasaidia turubai lisidumbukie kwenye matundu makubwa. Kuanzia chini hadi sentimita 90, pande zote nne pamoja na mlango, funga wavu uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi. Uteremshe kwa nje ya tofali, kisha uulaze juu ya ardhi kuelekea nje kwa sentimita 40 na kuufukia kwa udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusana na ardhi, na hapo atakutana na waya.

Turubai la mita 5 kwa 6 linatosha, likibaki na upenu mbele na nyuma. Chagua la rangi nyeupe au ya fedha. Kila ukingo mrefu uviringishie fito, ili mchana wa joto uuzungushe juu na kuacha ubavu wazi, na mvua ikija uushushe. Kuku hatoki jasho, hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na banda lisilopitisha hewa litamchosha. Makuti yanapoza kuliko turubai na yanafungika vizuri kwenye BRC, lakini huficha utitiri na nyoka, kwa hiyo mimi siyapendi juu ya kuku.

Ndani, weka fito nne za kulalia zinazokingama upana wa banda, kimo cha sentimita 60 kutoka chini, viota 8 hadi 10, kila kimoja cha sentimita 30 kwa 30, na maranda ya mbao au pumba za mpunga unene wa sentimita 8. Baada ya wiki moja, wavu ukishatulia, zunguka banda na plaizi na ukaze upya kila fundo la waya, ukianzia miguuni.