Droni za kufundishia kodingi darasani: angalia nini kabla hujalipa

Mwalimu akitaka kununua droni za darasa la kodingi, yaani kuandika programu za kompyuta, mara nyingi anaanza na kamera, picha zake zikoje, inaruka umbali gani, na wauzaji wanalijua hilo ndo maana wanayaandika kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa kazi ya darasani hayo weka pembeni kwanza. Cha kuuliza ni kwamba mwanafunzi akishaandika programu kwenye laptopu, zile amri zinaifikiaje droni? Manake droni kibao ni za kurusha kwa rimoti tu, hazipokei programu ya aina yoyote, na ukishanunua ya hivyo hamna ujanja tena.

Chukua mfano wa Tello, droni ya kampuni ya Ryze, ilitoka 2018 na walimu wengi wameanzia hapo. Ina gramu 80 hivi, inawasha waifai yake yenyewe, laptopu inaunganishwa humo halafu amri zinatumwa kama maneno ya kawaida kabisa: unatuma command inakaa tayari kupokea, takeoff inapaa, forward 100 inasogea mbele sentimita 100 (ukiandika chini ya 20 inakataa), cw 90 inageuka kulia nyuzi 90, land inatua. Mtoto anaona mstari mmoja wa programu unageuka kuwa kitendo kimoja hewani, na hapo ndo raha yenyewe ilipo. Wadogo wanaburuta vibloku vya Scratch, yaani programu wanaipanga kwa vipande bila kuandika, wakubwa wanaandika kwa lugha ya Python wakitumia djitellopy, mkusanyiko wa amri za Tello zilizokwishaandikwa tayari.

Ila sasa laptopu ikishaingia kwenye waifai ya droni inakuwa imetoka kwenye intaneti, kwa hiyo kama darasa lenu linaandikia programu kwenye brauza huenda mkakwama palepale, inabidi kila kitu kiwe kimeshawekwa kwenye mashine kabla ya kipindi. Halafu kila droni ina waifai yake, ukiziwasha nane kwenye chumba kimoja zinagombania mawimbi yaleyale na amri nyingine zinapotea njiani. Tello EDU inapunguza hilo, hiyo inakubali kuunganishwa kwenye rauta na laptopu moja inaweza kuongoza kadhaa kwa pamoja. CoDrone EDU ya Robolink ina njia tofauti, rimoti inachomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB na yenyewe ndo inaongea na droni, laptopu inabaki na intaneti yake. Mimi darasa likiwa na watoto wengi na laptopu za kuchanganya ningechukua ya namna hii. Kuna na Crazyflie ya Bitcraze, kampuni ya Sweden, kidude cha gramu 27 hivi ambacho programu zake zote ziko wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzibadilisha, ni nzuri sana kwa chuo au wanafunzi waliokwishakomaa kwenye Python, lakini ili itulie sehemu moja bila kuyumba inahitaji kifaa cha ziada cha sensa, usiwape watoto wa msingi.

Betri ndo inayoua vipindi vingi. Boksi la Tello linasema dakika 13, hiyo ni betri mpya na hewa imetulia, wewe panga kwa nane mpaka kumi. Na droni ikikaa imewashwa mezani wakati kikundi kinabishana kuhusu programu inakula chaji vilevile tena inapata joto, kwa hiyo wazoeze kuizima wakiwa wanaandika. Kila droni iwe na betri tatu. Kuchaji moja ni kama saa moja na nusu, na angalia chaja vizuri kwa sababu zipo za betri tatu zinazochaji moja baada ya nyingine, sio zote pamoja, yaani tatu ni zaidi ya saa nne na asubuhi ya kipindi umeshachelewa. Betri ikivimba hata kidogo isitumike tena, na zisiachwe kwenye chaja usiku bila mtu.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni sakafu. Droni hizi ndogo zinajua zimesimama wapi kwa kuangalia chini na sensa, sasa sakafu ikiwa inang'aa au rangi moja tupu, au chumba kina giza, inaanza kuteleza hewani yenyewe na watoto wanatafuta kosa kwenye programu ambalo halipo. Tandika zulia lenye marembo, washa taa. Nje usipeleke, upepo mdogo tu unaibeba.

Kinga za propela ni lazima, nywele ndefu zifungwe, na kila kikundi kijue amri ya kuizimisha ghafla, kwenye Tello ni emergency, ila waambie inakata mota zote hapohapo na droni inadondoka kama jiwe. Propela za akiba nunua nyingi, na ziko za aina mbili zinazozunguka kinyume, ukibadilisha nafasi droni inapinduka ikitaka kupaa. Kabla ya kulipa ulizia kama betri na propela zake bado zinapatikana, kampuni ya Parrot walikuwa na droni iliyoitwa Mambo, ilitumika mashuleni, halafu 2019 wakaachana na droni ndogo.

Nunua moja kwanza. Ijaribu na laptopu zilezile za wanafunzi, kwenye chumba kilekile, kwa programu ya mraba: mbele sentimita 100, geuka nyuzi 90, rudia mara nne. Weka alama pale ilipopaa. Alafu weka na programu ya kusubiri sekunde 20 katikati, manake Tello isipopata amri kwa sekunde 15 inatua yenyewe na ni vizuri ulione hilo wewe kabla ya darasa zima. Kwenye ile programu ya mraba ikirudi karibu na alama agiza zilizobaki, ikitua mbali kabisa badilisha taa na zulia ujaribu tena kabla hujairudisha dukani.